Mzio wa mbwa: Kisa cha chafya si manyoya

ZAMANI mbwa alijua mahali pake. Alilala nje, akala makombo, akabweka usiku na kufungiwa kibandani mchana asije akawauma wageni. Katika maboma mengi nchini Kenya hali ingali hiyo, lakini katika mitaa ya Nairobi, Nakuru na Eldoret mambo yamebadilika. Mbwa ameingia sebuleni, amepanda kochini, na katika nyumba nyingine ametengewa hata pembe ya kitanda.

Pamoja naye zimeingia chafya, macho mekundu na makamasi yasiyokauka. Mtoto hukohoa kila jioni, mama hujikuna mikono, naye baba aliyemnunua mbwa huyo baada ya wezi kuvunja nyumba ya jirani hujikuta njia panda. Amfukuze mlinzi wa nyumba au aendelee kununua dawa ya mafua kila mwisho wa mwezi?

Aghalabu uamuzi hufanywa kwa hasira, bila daktari kuulizwa. Mbwa hutiwa garini usiku, akaachwa kando ya barabara, na mtoto akaendelea kukohoa vile vile.

Suala lenyewe si dogo. Makadirio ya wataalamu ni kwamba kati ya asilimia 10 na 20 ya watu duniani wana mzio wa mbwa au paka. Kwa wengi wao ni kero tu. Kwa mwenye ugonjwa wa pumu, hata hivyo, mzio huo unaweza kufunga kifua usiku wa manane, na pumu huua: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa 2019 watu milioni 262 walikuwa na ugonjwa huo, na watu 455,000 walifariki kutokana nao.

Ili kujua la kufanya, sharti kwanza ieleweke ni nini hasa kinachotokea mwilini.

Dhana ya aleji ilipewa jina mwaka wa 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto jijini Vienna, Austria. Kiswahili kilikuwa tayari na neno lake. Mzio kwa asili ni kitu ambacho mtu au ukoo umekatazwa kukila au kukigusa, na waliolihamishia neno hilo kwenye tiba hawakukosea, kwani mwili wa mwenye mzio hujiwekea mwiko wake wenyewe.

Mwiko huo hauna sababu ya maana. Protini itokayo kwa mbwa haina sumu wala haileti ugonjwa wowote, lakini kinga ya mwili wa baadhi ya watu huiona kuwa adui. Mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo ziligunduliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na wanandoa wa Kijapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi nchini Marekani, na karibu wakati uo huo na watafiti wa Uswidi.

Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli maalumu zilizo puani, machoni, kwenye ngozi na katika njia za hewa, zikakaa zikisubiri. Protini ya mbwa inaporejea, seli hizo hupasua vifuko vyake na kumwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Hiyo ndiyo inayowasha macho, kuvimbisha pua na kuleta chafya mfululizo. Ikiwa njia za hewa zimeguswa, mirija ya mapafu hubana, na mgonjwa huanza kupumua kwa sauti kama ya mluzi.

Kwa sababu kingamwili huchukua muda kutengenezwa, mtu anaweza kuishi na mbwa kwa miezi au hata miaka bila tatizo, kisha siku moja akaanza kupiga chafya. Wanaofikwa na hali hii hushangaa na kudai kuwa mbwa ndiye aliyebadilika, au kwamba chakula chake kipya ndicho chenye kasoro. Mbwa ni yule yule. Kilichobadilika ni mwili wa mwenye mbwa.

Je, protini hiyo hutoka wapi? Wengi wangejibu kwa haraka kuwa hutoka kwenye manyoya. Manyoya yenyewe hayana hatia kubwa. Ni gari tu la kubebea abiria. Abiria ni mate, mkojo, na mba, yaani vipande vidogo mno vya ngozi ambavyo mbwa huvipukutisha kila anapojikuna au kujitikisa.

Wanasayansi wamezitambua protini kadhaa za aina hii na kuzipa majina ya mpangilio. Maarufu zaidi ni Can f 1, ambayo hupatikana kwa wingi katika mate na mba. Wagonjwa wengi huathiriwa na hiyo. Nyingine, Can f 6, hufanana na protini za paka na farasi, jambo linaloeleza kwa nini mtu anayedhurika na mbwa anaweza kuanza kuwashwa mara tu anapoingia katika nyumba yenye paka.

Ya kuvutia zaidi ni Can f 5. Hii hutengenezwa katika tezi ya kibofu ya mbwa dume na kutoka kupitia mkojo. Majike hawana. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kuwa takribani thuluthi moja ya watu wenye mzio wa mbwa hudhuriwa na protini hii pekee, na watu wa aina hiyo huenda wakaishi na mbwa jike bila shida. Vipimo vya damu vinavyotenganisha protini moja na nyingine vipo, ingawa si kila maabara huvifanya na bei yake si ya mchezo. Kwa familia inayotaka kununua mbwa na ambayo tayari ina mgonjwa, kipimo hicho kinaweza kuwa cha thamani kuliko mbwa mwenyewe.

Chembe zinazobeba protini hizi ni ndogo kiasi kwamba huelea hewani kwa saa nyingi, kisha zikatua juu ya mapazia, magodoro, mazulia na nguo. Hunata vizuri kwenye sufu. Mtoto anayecheza na mbwa asubuhi huenda nazo shuleni zikiwa zimeshika kwenye sweta yake, na mwenzake wa dawati moja, ambaye kwao hakuna hata kuku, akaanza kupiga chafya. Ndiyo maana protini za mbwa na paka zimepatikana katika madarasa, magari ya abiria na ofisi ambamo hakuna mnyama aliyewahi kukanyaga.

Hapa ndipo biashara ilipoingia. Kwa kuwa watu waliamini manyoya ndiyo adui, walitokea wauzaji wa mbwa wasiopukutisha manyoya, wakawanadi kuwa ni mbwa wasioleta mzio. Poodle, Bichon, Yorkshire Terrier na wengineo husifiwa hivyo, na hata jijini Nairobi matangazo ya aina hii hayakosekani, bei yake ikiwa juu kwa sababu ya sifa hiyo.

Umaarufu wa dhana hiyo ulizidi mwaka wa 2009, Rais wa Marekani wakati huo, Barack Obama, ambaye babake alitoka Kogelo, Siaya, alipotimiza ahadi ya kuwapa mabinti zake mbwa. Binti mkubwa, Malia, ana mzio. Familia ilichagua mbwa wa maji wa Kireno, aliyeitwa Bo, zawadi kutoka kwa Seneta Edward Kennedy. Mwaka wa 2013 akaongezwa wa pili wa aina iyo hiyo, Sunny. Bo alifariki mwaka wa 2021, na kwa miaka hiyo yote watu wengi duniani waliamini kuwa Ikulu ya Marekani ilikuwa imethibitisha jambo la kisayansi.

Sayansi yenyewe ilisema mengine. Mwaka wa 2011 watafiti wa hospitali ya Henry Ford jijini Detroit walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vumbi kutoka nyumba 173 zenye mbwa mmoja mmoja. Kiwango cha Can f 1 katika nyumba zenye mbwa wanaosifiwa hakikuwa na tofauti ya maana na kile cha nyumba nyingine. Mwaka uliofuata, watafiti wa Uholanzi walipima manyoya ya mbwa wenyewe na kupata kuwa wale wanaodaiwa kuwa salama walikuwa na Can f 1 nyingi zaidi, si kidogo.

Kisa cha Wally Conron wa Australia kinafaa kujulikana na kila anayetaka kutoa pesa zake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Conron alikuwa akizalisha mbwa wa kuwaongoza vipofu. Mwanamke kipofu wa Hawaii aliomba mbwa, lakini mumewe alikuwa na mzio. Conron akamchanganya Labrador na Poodle, wakazaliwa vilebu watatu. Sampuli za manyoya na mate zikapelekwa Hawaii. Kilebu mmoja tu kati ya watatu hakumdhuru mume huyo.

Watatu hao walikuwa wa mama mmoja na baba mmoja, tena wa uzao mmoja. Ikiwa ndugu wa tumbo moja walitofautiana kiasi hicho, jina la aina ya mbwa linamwambia mnunuzi nini? Conron mwenyewe baadaye alisema hadharani kuwa anajutia kuanzisha mtindo huo, kwa vile wafanyabiashara waliudaka na kuzalisha mbwa ovyo ovyo.

Kinachofaa, basi, ni mgonjwa kumjaribu mbwa yule yule anayekusudia kuishi naye. Amtembelee mara kadhaa, akae naye saa moja au mbili ndani ya nyumba, amguse, kisha asubiri siku ya pili aone. Mwenye pumu asifanye jaribio hili kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo familia nyingi hulirukia: Ni kweli mbwa ndiye mwenye makosa?

Nyumba ya Kenya ina washukiwa wengi. Utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi katika magodoro na mito, ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya mzio duniani. Hupenda unyevu, na katika miji ya pwani hustawi sana. Kinyesi cha mende nacho huleta mzio na huchochea pumu. Kuna kuvu juu ya kuta za bafu lisiloingia hewa. Kuna chavua wakati wa maua. Aidha, moshi wa jiko la makaa au wa kuni, ingawa hauleti mzio, hukereketa mapafu na kumfanya mwenye pumu azidiwe na kitu kidogo ambacho angekivumilia.

Kwa upande wa ngozi, kuna viroboto. Mtu akiwa na vipele vidogo vinavyowasha miguuni chini ya magoti baada ya kukaa karibu na mbwa, uwezekano mkubwa ni kwamba ameumwa na viroboto. Upele wa mbwa nao huweza kumpata binadamu kwa muda na kumwasha vikali. Katika hali zote mbili dawa iko kwa daktari wa mifugo, na mgonjwa anayestahili kutibiwa kwanza ni mbwa.

Safari ya mashambani hutumiwa na wengi kama ushahidi. "Tulipoenda ushago Disemba alipona," husema mzazi, akisahau kuwa alipokwenda huko aliacha pia zulia, mapazia, mende na moshi wa magari. Ushahidi wa aina hiyo hauwezi kumtia mbwa hatiani.

Kipimo cha kawaida ni cha ngozi. Matone ya protini za vyanzo mbalimbali huwekwa mkononi, ngozi ikadungwa kidogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 daktari hutazama ni wapi pamevimba. Mgonjwa hutakiwa kuacha dawa za kuzuia histamini siku kadhaa kabla, la sivyo kipimo hudanganya. Mbinu ya pili ni kupima IgE katika damu. Hata hivyo, kipimo kikionyesha kuwa mwili unaitambua protini ya mbwa, hiyo peke yake haimaanishi kuwa ndiyo inayomuugua mgonjwa. Wapo wengi ambao ngozi zao huvimba katika kipimo ilhali nyumbani hulala na mbwa bila hata kukohoa. Daktari mzuri huulinganisha uvimbe huo na historia ya mgonjwa: huanza lini, wapi, akifanya nini.

Tuseme sasa mbwa amethibitika kuwa ndiye chanzo, na familia haitaki kumwacha. Pa kuanzia ni chumbani. Binadamu hutumia karibu thuluthi ya maisha yake kitandani, uso wake ukiwa umegusana na kitambaa. Chumba cha mgonjwa kiwe haramu kwa mbwa, mchana na usiku, mlango ukiwa umefungwa. Kumruhusu aingie mgonjwa akiwa kazini au shuleni ni sawa na kutofanya lolote, kwa kuwa mba hubaki. Neti ya mbu nayo hunasa vumbi, hivyo nayo ifuliwe kwa utaratibu unaoelezwa kwenye pakiti yake, na mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto.

Hatua ya pili ni kupunguza vitambaa. Zulia lililofunika sakafu kutoka ukuta hadi ukuta ndilo ghala kubwa la mba, likifuatwa na makochi ya velveti pamoja na vitambaa vyake, na mapazia mazito ya safu mbili. Sakafu ya saruji au vigae hupigwa deki ikaisha kazi. Ufagio mkavu hautoi vumbi nyumbani. Huliinua tu, likatua tena jioni. Kitambaa chenye majimaji ni bora. Nyumba zenye kifyonza vumbi zitumie chenye kichujio cha aina ya HEPA, ambacho hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3. Mashine za kusafisha hewa zenye kichujio kama hicho zinauzwa nchini na husaidia kiasi chumbani, lakini zikiwekwa sebuleni mbwa akiwa amelala juu ya zulia kando yake, faida ni haba.

Hali ya hewa ya Kenya ni neema ambayo wenzetu wa nchi za baridi hawana. Tafiti nyingi kuhusu mzio wa wanyama zimefanywa Ulaya na Marekani, ambako nyumba hufungwa kwa miezi kadhaa ya majira ya baridi, mbwa na watu wakivuta hewa moja. Hapa madirisha yanaweza kufunguliwa karibu kila siku ya mwaka, na mbwa akaishi nje katika kibanda kikavu chenye kivuli bila kuteseka. Kwa mbwa aliyenunuliwa kwa ulinzi hilo halihitaji mjadala: mlinzi hana kazi kochini. Kinachostahili kuangaliwa ni nguo za anayemlisha na kumsafishia kibanda, ambazo zisiingie chumba cha mgonjwa.

Pwani suala hili limekuwa na sura yake tangu zamani. Kwa Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafi, mbwa akiruhusiwa kwa ulinzi au uwindaji hubaki nje, na mate yake ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya ibada na haikuwekwa kwa ajili ya mzio, lakini mwenye mzio anayeishi katika nyumba kama hiyo hana wa kumlaumu kwa chafya zake, isipokuwa pengine paka wa Lamu.

Kumwosha mbwa husaidia, ila si kwa namna ambavyo wengi hufikiri. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kuwa kumwosha hupunguza protini katika manyoya yake na hewani, lakini kiwango hurudi juu kwa siku chache tu, hivi kwamba inabidi aoshwe mara mbili kwa wiki. Anayemwosha asiwe mgonjwa. Itumike sabuni laini ya mbwa, kwani sabuni kali ya kufulia hukausha ngozi, na ngozi kavu huongeza mba. Wapo wanaowaosha mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe na viroboto, wakikadiria kipimo kwa macho. Ni hatari kwa mbwa, ni hatari kwa mkono unaomwosha, na mvuke wake unaweza kumbana kifua mwenye pumu papo hapo. Daktari wa mifugo ana dawa zilizo salama zaidi.

Kuchana manyoya kufanywe nje. Dume ambaye hahitajiwi kuzaa anaweza kuhasiwa, jambo linalotarajiwa kupunguza ile protini ya Can f 5, mbali na kumtuliza na kuzuia vilebu visivyo na mwenyewe mtaani. Baada ya kumgusa mbwa, mikono ioshwe kabla ya kugusa macho. Kulambwa usoni kukome.

Hatua hizi zikifanywa moja moja hazitoshi. Nguvu yake iko katika kuunganishwa, na hata hivyo wengi watahitaji dawa.

Dawa inayojulikana zaidi madukani ni klofeniramini, ambayo Wakenya wengi huiita Piriton. Hukausha mafua kweli, lakini huleta usingizi mzito. Dereva wa matatu, mwendesha bodaboda au mwanafunzi anayefanya mtihani hafai kuitegemea. Setirizini na loratadini hufanya kazi iyo hiyo kwa usingizi kidogo zaidi, hasa loratadini. Kwa pua inayoziba kila siku, dawa bora zaidi ni steroidi za kupuliza puani. Wengi huziacha baada ya siku mbili wakidai hazifanyi kazi. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kabla ya nguvu zake kuonekana kikamilifu, na ncha ya chupa inafaa kuelekezwa upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua, ili isilete kutokwa damu.

Mwenye pumu ana mambo yake. Kwa miaka mingi wagonjwa waliishi na kile kifaa cha salbutamoli peke yake, wakivuta kila kifua kinapobana. Mwaka wa 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu ulibadilishwa, ukashauri kuwa watu wazima na vijana waliobaleghe wasitibiwe kwa dawa hiyo pekee, kwa vile hufungua mirija bila kutibu uvimbe ulio ndani. Kila mgonjwa anahitaji pia dawa ya steroidi ya kuvuta. Anayejikuta akikivuta kile kifaa mara kwa mara ili tu aweze kukaa na mbwa wake anajidanganya. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikageuka rangi, au dawa ikakosa kumpa nafuu, ni wa kukimbizwa hospitalini wakati huo huo.

Kuna pia tiba ya kuuzoesha mwili, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka wa 1911 na Leonard Noon katika hospitali ya St Mary's, London, aliyewadunga wagonjwa wake dondoo za chavua ya nyasi kidogo kidogo. Huendelea kwa miaka mitatu hadi mitano. Kwa chavua na utitiri imethibitika vyema. Kwa mbwa ushahidi ni hafifu zaidi na dondoo zake hutofautiana ubora. Haipewi mgonjwa ambaye pumu yake haijadhibitiwa. Kwa gharama zake, familia nyingi za Kenya zitanufaika zaidi kwa kuondoa zulia.

Wazazi wenye watoto wachanga huuliza kama wamwondoe mbwa mapema ili kumkinga mtoto. Ushauri wa zamani ulikuwa ndiyo. Leo jibu limegeuka. Watafiti wa Uswidi walifuatilia rekodi za watoto zaidi ya milioni moja waliozaliwa nchini humo kati ya 2001 na 2010, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kuwa waliokuwa na mbwa nyumbani katika mwaka wao wa kwanza walikuwa na uwezekano mdogo, kwa takribani asilimia 13, wa kuwa na pumu walipofikia umri wa kwenda shule. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kuwa mbwa ndiye aliyewakinga, na hakuna daktari anayemwandikia mtu mbwa kama dawa. Unatosha tu kuwaondolea hofu wazazi ambao watoto wao ni wazima. Kwa mtoto ambaye tayari hukohoa usiku, takwimu za Uswidi hazimsaidii.

Na kuna mtoto ambaye hakuna zulia litakaloondolewa wala dawa itakayopulizwa ikamtosha. Amelazwa mara mbili kwa mwaka, hawezi kukimbia na wenzake, vipimo vimeonyesha mbwa, na mbwa kuhamishiwa nje hakujasaidia. Hapo hakuna cha kujadiliwa tena. Mbwa ni wa kuondoka, hata kama watoto watalia.

Aondokeje? Kumtupa ni ukatili, tena ni hatari kwa umma. Mbwa husababisha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa miongoni mwa binadamu, na Kenya ilizindua mpango mwaka wa 2014 wa kumaliza vifo vinavyotokana nacho ifikapo 2030, mpango unaotegemea chanjo za kila mwaka. Mbwa aliyetupwa huacha kuchanjwa na hujiunga na koko wa majalalani. Jamaa au rafiki asiye na mzio akabidhiwe, pamoja na cheti cha chanjo na maelezo ya chakula na tabia zake. Pasipo mtu kama huyo, shirika la kutetea wanyama la KSPCA, lenye makao yake Karen, Nairobi, huwapokea wanyama na kuwatafutia wenyewe wapya.

Mbwa akishaondoka, protini zake hubaki. Hukaa ndani ya magodoro, makochi na mazulia kwa miezi kadhaa, zikipungua polepole. Familia ambazo hazikuambiwa hili hukata tamaa baada ya wiki mbili na kudhani zimemfukuza mbwa bure. Kinachoharakisha ni kuosha kuta, kufua mapazia na vitambaa vyote vya makochi, kutoa zulia, na ikiwezekana kubadilisha godoro la mgonjwa. Dawa zake zisipunguzwe katika kipindi hicho bila daktari kusema. Miezi sita ikipita, nyumba ikiwa imesafishwa, na kifua kikiwa bado kinabana, vipimo virudiwe kwa kuanzia na utitiri na mende.